Biashara ya mtandao na biashara ya mtandaoni: hiyo "-ni" ina gharama yake

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinitumia ujumbe usiku. Amemaliza chuo Morogoro, huu ni mwaka wa pili anazunguka na bahasha ya vyeti. Aliandika hivi: "Anko shikamoo. Nimepata mchongo wa biashara ya mtandao, inaitwa afilieti maketingi. Kiingilio elfu 30 tu, halafu unalipwa kwa kila mtu." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza: kila mtu anayefanya nini? Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika. Baada ya muda likaja neno moja: "Anayejiunga."

Kesho yake nilimpigia tukaongea karibu saa nzima. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu. Sisemi kwa kusoma tu. Nilikaa miezi 14 ndani ya kampuni ya netiweki, zile za kujiunga chini ya mtu, nikavaa suti ya kuazima, nikasimama mbele ya watu na kalamu ya ubao. Leo sehemu ya kipato changu inatokana na afilieti, yaani kulipwa kamisheni kwa kumletea muuzaji mnunuzi. Ni sehemu ndogo, naomba hilo lijulikane mapema ili usije ukaniweka kwenye kundi la wanaopiga picha na magari ya kukodi.

Mpwa wangu hakuwa mjinga. Lugha yetu yenyewe imetega hapo. Neno "mtandao" tunalitumia kwa intaneti, na hilo hilo tunalitumia kwa watu waliofungamana, huyu chini ya yule. Kwa miaka mingi mjini, "biashara ya mtandao" imekuwa na maana ya netiweki maketingi: unajiunga chini ya mtu, unaweka wengine chini yako, unakula kwenye mauzo yao. "Biashara ya mtandaoni" ni chochote kinachouzwa kwa intaneti, na afilieti imo humo. Zimetengwa na silabi moja. Wapo wanaoteleza kwenye silabi hiyo bila kujua, na wapo wanaoimwagia mafuta makusudi, maana kijana akisikia "mtandaoni" anafikiria simu na kompyuta, hafikirii ukumbi wenye viti vya plastiki na mtu anayeuliza, "Nani anataka kustaafu akiwa na miaka 35?"

Ukitaka kuielewa afilieti haraka, nenda Kariakoo. Ukishuka tu Mtaa wa Kongo anakudaka winga. Hana duka, hana mzigo, hajalipa kodi ya fremu. Anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka analolijua, ukinunua naye anapata chake. Usiponunua, amepoteza dakika zake na jasho lake, basi. Afilieti ni winga asiyesimama juani. Badala ya kukushika mkono anakupa linki. Badala ya kukuongoza kwenye korido za ghorofani, linki inakupeleka hadi kwenye ukurasa wa bidhaa, na mfumo wa muuzaji unaandika kwamba mteja huyu kaletwa na fulani.

Kuna tofauti moja ambayo wengi huwa wanaipita. Winga mara nyingi anaweka cha juu: fulana ya elfu 15 unauziwa 20, na hiyo 5 ni yake. Umelipa wewe mteja. Kwenye afilieti ya kawaida mteja analipa bei ile ile ambayo angelipa akiingia mwenyewe, na muuzaji ndiye anayemega kwenye faida yake. Ndiyo maana unaweza kumwambia mteja waziwazi, "Ukinunua kupitia hapa nami napata kitu," bila yeye kuona kapigwa. Programu nyingi kubwa zinakulazimisha kabisa uliseme hilo. Ukiona programu inakufundisha kulificha, shtuka.

Inayojulikana zaidi duniani ni ya Amazon. Ilianza Julai 1996, wakati huo ikiwa bado ni duka la vitabu. Nimeitumia, kwa hiyo nitaieleza kidogo, maana ukizijua kanuni zake utaelewa namna programu nyingine zinavyofikiri. Mtu akibonyeza linki yako, una saa 24. Chochote atakachonunua humo ndani ya muda huo kinahesabiwa kwako, hata kama ulimpeleka akaone jiko akaishia kununua viatu. Akiweka kitu kwenye kikapu ndani ya hizo saa 24, unaongezewa muda hadi karibu siku 90 ili akamilishe malipo. Saa zikiisha na kikapu ni kitupu, amekuwa mteja wa watu wengine. Huruhusiwi kununua kwa linki yako mwenyewe. Usipopata mauzo matatu yenye sifa ndani ya siku 180 tangu ujiunge, akaunti inafungwa. Na hela ya mauzo ya Januari haiji Februari. Inakaa kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa sababu wanasubiri kuona nani atarudisha bidhaa.

Kingine: kamisheni si ahadi ya ndoa. Aprili 2020 Amazon walishusha viwango vyao. Samani na vifaa vya nyumbani vikatoka asilimia 8 hadi 3, vyakula vya dukani vikatoka 5 hadi 1. Mtu aliyekuwa ameandika makala 200 kuhusu vitanda na makochi aliamka siku moja akakuta kipato chake kimebaki chini ya nusu, na hakukuwa na wa kumlalamikia. Kwa hiyo ukiambiwa afilieti ni "kipato kinachoingia ukiwa umelala", mwambie huyo mtu kwamba kinaweza pia kukatwa ukiwa umelala.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Msomaji wako yuko Tabora au Iringa. Hatanunua Amazon. Usafiri, ushuru, anwani ya kupokelea, kadi ya kulipia: vyote vinamkimbiza. Jumia, duka la mtandaoni la Afrika ambalo lingekuwa karibu zaidi, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kenya na Uganda bado ipo. Hivyo kama unaandika kwa Kiswahili kwa Watanzania, fikiria vitu ambavyo havipandi lori: uhifadhi wa tovuti, programu za kompyuta, kozi, vitabu vya kidijitali. Au fanya nilivyofanya mimi, ambacho hakuna mtu aliyenifundisha.

Nilikuwa naandika kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji, jambo ninalolijua kwa kufiwa na vifaranga wengi. Wasomaji walikuwa wananiuliza kila siku mashine ya kutotolesha wanunue wapi. Nikamfuata fundi mmoja anayeziunda mwenyewe, mtu ambaye mashine yake nilikuwa nayo nyumbani na ilikuwa inatotoa vizuri. Nikamwambia: mteja akija akataja neno fulani, ujue ametoka kwangu, unipe elfu 20 kwa kila mashine. Hakukuwa na tovuti wala linki wala kuki, lile faili dogo linalokaa kwenye simu ya mteja kukumbuka nani kamleta. Kulikuwa na neno moja na daftari lake. Miezi minne haikuingia senti. Wa tano ikauzwa mashine moja. Wa saba zikauzwa tatu. Hiyo ni afilieti kamili, na mpaka leo ndiyo inayonilipa vizuri kuliko zile za Ulaya na Marekani, kwa sababu wasomaji wananijua, fundi ananijua, na mashine ikiharibika napigiwa simu mimi.

Hilo la kupigiwa simu lina faida kuliko linavyosikika. Linakuzuia kusifia takataka.

Upande wa pili nitaueleza taratibu, kwa sababu ndiko nilikoacha fedha na watu.

Aliyenialika alikuwa rafiki wa karibu tuliyesoma naye sekondari. Hakuniambia naenda kwenye nini. "Njoo tu, kuna watu nataka uwaone." Baadaye nilikuja kufundishwa kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe: usieleze kwenye simu, mwalike tu. Ukumbini kulikuwa na makofi, muziki, mama mmoja aliyeshuhudia kwamba aliacha kazi ya ualimu. Bidhaa zilikuwa dawa ya meno, kahawa yenye uyoga, sabuni na vidonge vya kila kitu. Nilinunua pakeji ya kuanzia. Nikapewa karatasi yenye mistari 100 niandike majina: ndugu, jirani, kinyozi, mwalimu wa zamani, mtu uliyekutana naye kwenye daladala. Juu yangu alikuwa apulaini, chini yangu walitakiwa wawe daunlaini, wagawanyike mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Miguu isipolingana, bonasi inahesabiwa kwa ule mfupi. Wangu wa kulia ulikuwa na watu wanne, wa kushoto mmoja. Kila mwezi ilibidi uwe "hai", maana yake ununue bidhaa za pointi kadhaa, la sivyo hata kile ambacho walio chini yako wamezalisha hukipati.

Sentensi hiyo ya mwisho irudie kichwani. Winga wa Kariakoo halazimiki kununua fulana tatu kila mwezi ili aruhusiwe kulipwa cha kwake.

Baada ya miezi 14 nilikaa na kalamu. Bonasi zote nilizowahi kupokea: 310,000. Nilizotoa kwa pakeji, manunuzi ya kila mwezi, nauli na viingilio vya semina: zaidi ya 1,900,000. Tofauti yake nusu ilikuwa chini ya kitanda, katoni za dawa ya meno zikikaribia tarehe ya mwisho. Tulipiga mswaki na dawa hiyo nyumba nzima mwaka mmoja na kidogo.

Fedha zilirudi baadaye kwa njia nyingine. Watu hawakurudi wote. Shemeji yangu mmoja aliacha kupokea simu zangu kwa miaka miwili. Kila nilipopiga alijua ni "fursa". Na yupo mama mdogo. Yeye alijiunga chini yangu kwa hela ya kikoba, na hakujiunga kwa sababu ya uyoga wala pointi, alijiunga kwa sababu mtoto wa dada yake kamwomba. Hakuuza hata kopo moja. Nilimrudishia kidogo kidogo kwa mwaka mzima bila yeye kuniomba, na siku nilipomaliza alisema tu, "Haya baba, yameisha." Mpaka leo sijui yameisha kweli au ni ustaarabu wake.

Tofauti ya hizo mbili naiona hapo kuliko kwenye chati za kamisheni. Katika afilieti unatafuta mnunuzi, akishanunua mmeachana. Hudai amlete mwingine, na kwa kawaida yeye kununua au kutonunua hakugusi undugu wenu, maana alikuja kwenye maandishi yako akiwa na shida yake tayari. Katika netiweki mnunuzi hatoshi. Unahitaji mnunuzi ageuke muuzaji, naye ageuze wengine, na mtu wa kwanza kwenye orodha ya majina 100 ni yule ambaye hawezi kukukatalia. Mtaji unaotumika ni jamaa zako. Na wewe mwenyewe ndiye mteja wa kwanza wa kampuni, pengine ndiye mteja pekee ambaye ana uhakika naye.

Nisiwaonee. Netiweki si wizi kwa jina lake. Mfumo wa kulipwa kwa ngazi ulianza Marekani mwaka 1945 kwenye uuzaji wa vitamini za Nutrilite, na wauzaji wawili wa vitamini hizo, Rich DeVos na Jay Van Andel, ndio walioanzisha kampuni ya netiweki ya Amway mwaka 1959. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliishtaki Amway kwa kuendesha piramidi. Mwaka 1979 tume hiyo ikaamua kwamba si piramidi, na sababu zake ni za kujifunza: kampuni ilikuwa na kanuni ya kununua tena mzigo uliobaki kwa muuzaji, kanuni kwamba muuzaji awe amekwisha kuuza angalau asilimia 70 ya alichonacho kabla ya kuagiza kingine, na kanuni ya kuwa na wateja 10 wa kawaida kila mwezi. Uamuzi huo huo uliikataza kutia chumvi kwenye kipato ambacho watu wangepata. Miaka minne kabla, kwenye shauri la kampuni ya vipodozi iitwayo Koscot, tume ilikuwa imeshaeleza piramidi ni nini: unalipa ili upate haki ya kuuza, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo yasiyohusiana na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho.

Unaona mzani wenyewe ulipo: mtumiaji wa mwisho. Yule asiyetaka kujiunga, anayetaka sabuni tu. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya netiweki, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake Marekani ili angalau theluthi mbili ya malipo ya wauzaji itokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. Na mwaka 2024 watumishi wa tume hiyo hiyo walipitia taarifa za kipato 70 ambazo kampuni za netiweki zenyewe zimezitoa. Wakaona kwamba kwa nyingi kati yake, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla hata ya kutoa gharama zao. Niliposoma nilijisikia nimepata wenzangu.

Kwetu tuna kumbukumbu yetu. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 2009 anaikumbuka DECI, mpango wa kuweka hela ukiahidiwa kurudishiwa nyingi zaidi. "Kupanda mbegu" na "kuvuna", foleni ndefu, wachungaji wakiwa miongoni mwa viongozi wake. Haikuwa hata na dawa ya meno ya kusingizia. Aliyevuna alivuna mbegu ya aliyepanda nyuma yake. Serikali ikaifunga, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, inakataza upatu wa namna hiyo. Usichanganye na upatu wa akina mama mtaani, wa kijumbe na zamu, ambao kila mmoja anapokea kile kile alichochanga. Ule hauhitaji watu wapya ili wa zamani wapate.

Semina tuliyohudhuria sisi kulikuwa na mchoro wa mduara na mistari. Wewe unaleta watu 6 tu. "Sita! Hushindwi watu sita!" Kila mmoja naye sita. Ngazi ya pili 36, ya tatu 216, ukumbi unapiga makofi, kalamu inaishia hapo. Siku moja nyumbani niliendelea pale kalamu ilipoishia. Ngazi ya 10 ni watu 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, wakiwemo waliozaliwa usiku ule. Ukijumlisha ngazi zote 10 unavuka milioni 72, ni lazima uanze kuwafuata Wakenya. Sasa aliyeko ngazi ya 10 anamwalika nani? Yeye ndiye anayelaumiwa kwamba hana bidii, kwamba anakaa na "watu hasi".

Hapo nimefika kwenye elfu 30 ya mpwa wangu, maana kile alichokiona si kimojawapo kati ya hivi viwili. Ni cha tatu, na kwa sasa ndicho kinachonitisha zaidi. Kinajiita afilieti, kina ukurasa mzuri, kina kitufe cha linki yako binafsi. Lakini kuna kiingilio cha "kuamsha akaunti". Nilimwomba anisomee mgawanyo wake: katika elfu 30 ya atakayejiunga kwa linki yako, 15 yako, wa ngazi ya pili 6, wa tatu 3, sita zilizobaki za mwenye mfumo. Na bidhaa? Vitabu vya kidijitali vitano, viwili kati yake vinafundisha namna ya kualika watu. Pia unalipwa kwa kuweka matangazo kwenye stetasi ya WhatsApp, lakini huwezi kutoa hela hiyo mpaka ulete watu kadhaa. Kenya mifumo ya namna hii imejaa vyuoni, ya shilingi 500 au zaidi kidogo, inafunguliwa na kuzimika kama mishumaa.

Swali ninalolitumia ni moja tu, na nilimfundisha hilo badala ya ishara ishirini za hatari: ukiondoa hela za wanaojiunga, kuna hela nyingine yoyote inayoingia humu? Kwa fundi wa mashine za vifaranga ipo, ya mfugaji. Kwa Amazon ipo. Kwenye kampuni yetu ya kahawa ya uyoga ilikuwepo kidogo, nilikuwa na mzee mmoja wa Kinondoni aliyeipenda kweli, hakutaka kujiunga na chochote. Kwenye mfumo wa mpwa wangu ilikuwa sifuri.

Jibu halitakuwa safi kila mara. Kuna programu halali za afilieti zenye ngazi ya pili, ukimleta winga mwenzako unapata kiasi kidogo kwenye mauzo yake. Madalali wa soko la fedha za kigeni wanazipenda sana. Ngazi moja ya ziada haijanipa wasiwasi, mradi kujiunga ni bure na mnunuzi yupo. Na kuna zile za kampuni za kubeti. Kujiunga ni bure, linki ni ya kweli, wanalipa. Ila soma wanalipaje: nyingi zinakupa asilimia ya kile kampuni inachobaki nacho baada ya mchezaji kucheza. Maana yake rafiki yako akiliwa, unapata. Akishinda sana, mwezi huo huna kitu. Mimi nilikataa, lakini sikuhubirii. Nakuambia tu hesabu inatoka mfuko gani.

Ukiamua kuanza afilieti, anza na kitu ambacho umekitumia mpaka unakijua ubaya wake. Makala yangu iliyouza mashine nyingi kuliko zote ni ile niliyoeleza kwamba umeme ukikatika zaidi ya saa chache mashine ile inakuulia mayai usipokuwa na betri ya pembeni. Fundi alikasirika mwanzoni. Wateja waliokuja baada ya hapo walikuja wameshauliza bei ya betri. Uliza mapema hela itakufikiaje, kwa simu au benki, na kiwango cha chini cha kutoa ni kipi, maana kuna watu wana dola 60 zilizokwama kwenye akaunti ambayo hailipi mpaka 100. Weka daftari lako mwenyewe la mauzo. Usitegemee la muuzaji tu. Andika kwenye kitu unachokimiliki, kwa sababu ukurasa wa Instagram ukifungwa unaondoka na linki zako zote. Na kodi ipo. Kenya, sheria ya fedha ya mwaka 2023 imeitaja afilieti kwa jina kabisa kati ya vyanzo vya kipato cha maudhui ya kidijitali, na mkazi anakatwa asilimia 5 kabla hajapokea.

Matarajio yako yashushe. Kwenye makala zangu, watu 1,000 wakisoma, 30 au 40 wanauliza au wanabonyeza, mmoja ananunua. Kuna miezi hanunui hata huyo.

Na usitupe kila kitu cha netiweki. Semina zile zilinifundisha kusimama mbele ya watu bila miguu kutetemeka, kusikia "sitaki" mara 10 kwa siku nikaenda kula chakula cha jioni vizuri, kumpigia mtu tena baada ya wiki kumuuliza kitu kinamwendeaje. Hayo ya mwisho nayafanya hadi leo kwa wafugaji walionunua mashine, na ndiyo yanayoniletea wafugaji wengine. Ningependa tu kuwa nimeyajifunza kwa bei nafuu.

Juzi mpwa wangu ameniandikia tena. Hakulipa elfu 30. Alikuwa ameshaingizwa kwenye grupu lao la WhatsApp la "wanafamilia wapya", akaamua kuuliza humo humo lile swali: ukiondoa hela za wanaojiunga, hela nyingine inatoka wapi? Akanitumia picha ya skrini. Chini ya swali lake kuna jibu moja kutoka kwa mtu mwenye nyota tatu mbele ya jina, "Kaka una mtazamo hasi," na chini ya hapo maandishi madogo ya kijivu: msimamizi amekuondoa.

Ameniuliza yule fundi wa mashine anapatikana wapi. Ana jirani anayefuga bata.